Okoa Kwanza, Andika Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Mfumo umewasili leo, ndani ya kompyuta ndogo ya mwanamke mmoja mwembamba mwenye viatu visivyofaa kwa sakafu ya ghala. Kabla ya saa sita wapakiaji walikuwa wamekwisha kumpa jina: Bi Mfumo.

Ghala letu ni la vifaa vya ujenzi: saruji nyeupe, gundi ya vigae, vigae vyenyewe, masinki, mabomba. Nimelitunza miaka kumi na tisa kwa leja mbili na kichwa kimoja. Kuanzia sasa, anasema Bi Mfumo, kila paleti, yaani kila chaga ya mbao yenye mzigo, itabandikwa lebo, kila mahali patapewa namba, na hakuna kitakachosogea bila lebo yake kusomwa na kibunduki chekundu ambacho nitakivaa shingoni kama kengele ya ng'ombe.

"Na mvua ikinyesha?" nikamuuliza.

"Mvua inahusiana vipi na mfumo, baba?"

Nikamwonyesha paa juu ya mstari wa C, mahali pa saruji nyeupe. Matundu manane. Ukisimama chini yake adhuhuri unaona jua limemwagika sakafuni vipande vipande. Nimeandika barua tatu kuhusu paa hilo. Mkurugenzi hasomi kitu kinachozidi ukurasa mmoja, ndiyo maana sisi humwita Bwana Muhtasari. Ya tatu aliirudisha, akaniambia niifupishe.

Bi Mfumo akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Simwamini mtu anayeandika mimi nikizungumza. Najua ninachofanya mimi ninapoandika wenzangu wakizungumza.

Alhamisi, 6 Machi

Mafunzo. Mkurugenzi alifungua kwa kusema, "Mashine haidanganyi." Nikanyoosha mkono. Nikasema mizani nayo haidanganyi, lakini tangu dunia iumbwe watu wamepunjwa kwa mizani. Wapakiaji wakacheka. Mkurugenzi akasema tuendelee.

Hilo ndilo jibu lao siku zote. Tuendelee. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba kila mtawala anayetaka kuwaondoa watu wenye kumbukumbu huanza kwa kuwaletea daftari jipya.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza, saa nane mchana, bila kubisha hodi. Maji yalishuka C kama yamefunguliwa bomba. Nikampigia mluzi shemeji, naye kwa foklifti yake akanyanyua paleti mbili za saruji nyeupe, mifuko arobaini kila moja, akazipeleka F palipo pakavu. Dakika sita. Hakuna mfuko uliolowa.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Kazi hii nilimwombea mwenyewe miaka sita iliyopita. Hana maneno mengi, na foklifti anaiendesha kama anabeba mtoto aliyelala.

Kanuni yangu tangu zamani ni moja: okoa kwanza, andika baadaye. Hiyo "baadaye" ilikuwa jioni, leja mezani, kikombe cha chai pembeni. Leo jioni nilikaa, nikaitazama leja. Mkurugenzi ameniambia nisiiguse tena. Nikakitazama kibunduki. Lebo zilikuwa zimelowa, hakikusoma hata moja, kilinililia tu: ti, ti, ti.

Nikasema basi. Mfumo si unajua kila kitu? Ujiandikie wenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Paleti moja ya saruji nyeupe, C kwenda F.

Ijumaa, 14 Machi

Wingu tu. Mke wangu anasema nimekuwa nikigombana usingizini.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Paleti moja tena, C kwenda F. Bi Mfumo amesimama mlangoni akitutazama. Anatutazama kama mtu anayehesabu kuku wa jirani.

Alhamisi, 20 Machi

Shemeji ameomba ruhusa ya siku tatu, mtoto wake ana homa. Nimempa.

Ijumaa, 21 Machi

Malori mawili ya vigae kwa mpigo, hakuna aliyeniarifu, na mvua juu yake. Dereva wa lori la kwanza ananitaka nisaini kwamba nimepokea makatoni mazima, na mimi naona kwa macho yangu maji yakichuruzika kutoka kwenye pembe za makatoni. Tumebishana getini saa nzima. Nikamwambia sahihi yangu si muhuri wa posta. Vibarua waliokuja na malori walikuwa wananipigia kelele waweke wapi vigae, nikawaambia wasafishe F, vilivyomo wavipeleke popote palipo pakavu. Nimesaini mwishowe, lakini nimeandika "vimelowa" kwa herufi kubwa.

Nimechoka. Soli ya kiatu cha kushoto imeachia.

Jumatatu, 31 Machi

Bi Mfumo kaja na mashtaka: kwa nini siku za mvua hakuna hata uhamisho mmoja ulioingizwa kwenye mfumo?

"Kibunduki chako kinaogopa maji," nikamwambia.

"Unaweza kuingiza kwa mkono, baba. Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha mengi."

"Basi niambie kwa mdomo tu, niingize mimi."

Mtu akikurahisishia jambo ghafla, tazama mifuko yake. Nikamwambia nina kazi.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku ya kuhesabu mali yote. Zamani nilikuwa natembea na leja tupu nikiandika kila nilichokiona. Sasa mfumo unachapa karatasi kwa kila chumba, na karatasi inakuambia uhesabu nini. Mimi nimepewa chumba cha marejesho, kile cha karibu na lango la nyuma, tunakoweka vilivyorudishwa na wateja. Mtunza ghala mzima, kupewa chumba cha masinki yenye nyufa! Karatasi ilikuwa na mistari miwili: vigae vilivyovunjika, masinki yenye kasoro.

Basi nikahesabu vigae vilivyovunjika na masinki yenye kasoro. Kulikuwa na rundo kubwa chini ya turubai upande wa ukutani. Karatasi haikuliuliza, nami sikulijibu. Wametaka nifanye kazi kama mashine, wameipata mashine.

Nilimaliza wa kwanza. Nilikuwa na furaha ya kijinga siku nzima.

Jumatano, 9 Aprili

Pigo.

Saruji nyeupe imepungua mifuko mia moja na sitini.

Mkurugenzi alituita ofisini, mimi na Bi Mfumo. Kwenye skrini kulikuwa na mstari mwekundu mmoja tu katika ghala zima. Mifuko mia moja na sitini haipotei kama sindano. Inahitaji lori, lango, mtu wa kufumba jicho.

"Mashine haidanganyi," akasema Mkurugenzi, safari hii akinitazama mimi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili nipate kufikiri. Nani anafaidika? Hilo ndilo swali la kwanza katika kila fitina. Na jibu liko wazi: kampuni iliyouza mfumo. Nani atanunua dawa kama hakuna ugonjwa? Bi Mfumo amekaa na kompyuta hiyo wiki tano, anaweza kuandika humo namba aitakayo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemkabili. Nikamwambia wazi kwamba mia moja na sitini yake ameitunga.

Hakukasirika. Aligeuza kompyuta akanionyesha: paleti kumi na moja zilizopokelewa tangu Februari, sahihi yangu kwenye kila moja, paleti tatu zilizotoka kwa wateja, sahihi yangu. Zibaki nane. C kuna nne.

"Namba zote ni zako, baba," akasema. "Mimi nimejumlisha na kutoa tu."

Nilizirudia hesabu zile kwa leja yangu ya zamani. Ni sahihi. Ni aibu gani kukuta adui yako amesema kweli kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo kama si namba, ni mtu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Sikuona ni paleti ngapi. Nilikuwa namwangalia shemeji tu.

Jumapili, 13 Aprili

Tumekwenda kwa shemeji kumwona mtoto, amepona kabisa. Shemeji anamalizia nyumba yake. Ukuta wa sebule unang'aa mweupe kama meno ya mchumba.

"Umepapaka nini hapa?" nilitaka kuuliza. Sikuuliza. Alipotoka kwenda kuleta kiti nikaukwangua ukuta kwa ukucha. Unga mweupe. Nikauficha ndani ya leso kama mpelelezi.

Siku tatu za ruhusa, mwezi Machi. Ukuta mweupe, mwezi Aprili. Mke wangu aliniuliza mbona sili.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemuuliza shemeji, kama kwa utani, saruji ile tuliyoiokoa siku za mvua aliiweka wapi.

"F, shemeji. Si ulinielekeza wewe?"

"F kuna vigae hadi darini."

"Niliporudi kutoka ruhusa niliona. Nikajua umeitoa."

"Mimi? Kwenda wapi?"

Akainua mabega, akapanda foklifti yake. Nimekwenda F mwenyewe, nimezunguka, nimemulika tochi kati ya makatoni. Vigae. Ananielekeza mahali anapojua kabisa kwamba hakuna kitu, na anasema kwa sauti ya mtu asiye na hatia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niandike hapa, maana siwezi kumwambia mtu: nilimwingiza kwa mkono wangu mwenyewe. Ukoo ule una midomo mizito, na mdomo mzito ni mlango uliofungwa. Huwezi kujua kilichomo ndani.

Jumanne, 22 Aprili

Mkurugenzi alitaka maelezo yangu kwa maandishi: nani alikuwa anasogeza saruji ya C. Nimeandika. Sikusema "ameiba", mimi si mjinga. Nilisema ni mtu mmoja tu anayeendesha foklifti. Nilisema alichukua siku tatu za ruhusa. Nilisema mahali alipotaja pana vigae. Nilisema anajenga. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na nilizipanga kama ngazi, mtu akikanyaga ya kwanza hawezi kurudi nyuma.

Ukurasa mmoja kamili. Mkurugenzi ameusoma wote, mbele yangu, hadi sahihi.

Barua tatu za paa hakuzisoma.

Jumatano, 23 Aprili

Shemeji amesimamishwa kazi. Kikao cha nidhamu Jumanne ijayo, saa nne. Akipatikana na hatia anafukuzwa na kupelekwa polisi.

Alinikabidhi funguo za foklifti. Zilikuwa za moto, kumbe alikuwa amezikamata mkononi tangu asubuhi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Hakuna dereva. Tumebeba kwa mabega. Mifuko kumi na saba imelowa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mke wangu hazungumzi nami. Ananipa chakula kama anayelipia kosa la mtu mwingine.

Jumatatu, 28 Aprili

Niandike hili kwa mpangilio, maana kesho nitalihitaji.

Asubuhi mke wangu alikuja akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni.

"Mdogo wangu anasema saruji aliiweka F."

"F kuna vigae."

"Vigae viliingia lini?"

"Machi. Sikumbuki tarehe."

"Hukumbuki." Akalinyooshea kidole daftari langu. "Mume wangu, kila siku unaandika kwenye hilo daftari. Mvua umeandika, chai umeandika, hata mimi najua umeniandika. Umewahi kulisoma?"

"Shajara haisomwi, inaandikwa."

"Ndiyo hivyo. Wewe kuandika hushindwi. Kusoma ndiko unakoshindwa."

Miaka ishirini na sita ya ndoa na hakuna mkosoaji aliyewahi kunipiga pale. Akatoka. Nikafungua ukurasa wa kwanza, kwa hasira, ili nimthibitishie.

Tarehe 11 Machi: paleti mbili, C kwenda F. Tarehe 13: moja. Tarehe 18: moja. Nne. Nne kwa arobaini ni mia moja na sitini.

Shemeji hakusema uongo. Ziliingia F, zote, kwa amri yangu.

Nikaendelea. Tarehe 21: "nikawaambia wasafishe F, vilivyomo wavipeleke popote palipo pakavu." Shemeji siku hiyo hakuwapo kabisa, alikuwa nyumbani na mtoto wa homa. Amri ilikuwa yangu, nimeitoa nikiwa nimegeuza shingo, nikigombana na dereva kuhusu makatoni. Vibarua waliondoka na malori yao. Hakuna anayejua walichofanya isipokuwa mimi, na mimi nilisahau kwa sababu siku ile nilikuwa nashughulika kuwa na haki.

Popote palipo pakavu. Nikasoma hadi tarehe 7 Aprili. "Kulikuwa na rundo kubwa chini ya turubai upande wa ukutani. Karatasi haikuliuliza, nami sikulijibu."

Nilifika ghalani kabla ya wapakiaji. Nikaenda chumba cha marejesho, nikainua pembe ya turubai.

Mifuko myeupe, imepangwa vizuri, mikavu kama biskuti.

Jambo la kwanza nililolifikiri, na naliandika kwa sababu nimeapa kuandika: nifunike, kisha "niivumbue" mbele ya watu. Shujaa wa ghala! Lakini nilisimama pale nikauona mtego. Chumba kile kiko hatua kumi kutoka lango la nyuma. Mkurugenzi atasema nini? Kwamba dereva wa foklifti aliificha humo akisubiri gari. Barua yangu imekwisha kumjengea ngazi yote. Hiyo itakuwa kidato cha mwisho. Kuonekana kwa saruji peke yake hakumwokoi, kunamzamisha.

Kinachomwokoa ni amri. Na amri iko mahali pamoja tu duniani: humu, katikati ya kila nilichosema juu ya kila mtu.

Ningeweza kunakili mistari minne kwenye karatasi safi. Lakini karatasi safi iliyoandikwa siku moja kabla ya kikao, na shemeji wa mtuhumiwa? Mimi mwenyewe nisingeiamini.

Jumanne, 29 Aprili

Saa nne. Mkurugenzi mezani, Bi Mfumo na kompyuta yake, shemeji kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, shati limepigwa pasi. Nikaweka daftari mezani kabla sijaulizwa.

"Hiki ni nini?" akasema Mkurugenzi.

"Uhamisho wa siku za mvua. Saruji iko chumba cha marejesho. Amri zilikuwa zangu. Zimo humu na tarehe zake."

"Nisomee muhtasari."

"Asome yeye," nikamwonyesha Bi Mfumo. "Mimi nikisoma mtasema natunga."

Akafungua ukurasa wa kwanza. "'Mfumo umewasili leo, ndani ya kompyuta ndogo ya mwanamke mmoja mwembamba mwenye viatu...'" Akanitazama. "Niendelee?"

"Ruka hadi kwenye mvua," nikasema.

Hakuruka. Alisoma kwa sauti ileile anayosomea namba za paleti. Alisoma viatu vyake, alisoma jina tulilompa. Alipofika kwenye jina la Mkurugenzi akasita.

"Bwana nani?" akauliza Mkurugenzi.

Nikalitaja mimi mwenyewe: Bwana Muhtasari. Shemeji alikohoa, sijui kama kilikuwa kikohozi.

Mkurugenzi alikunja mikono. "Soma yote," akasema. "Leo sitaki muhtasari."

Basi yakasomwa yote. Paleti mbili, paleti moja, paleti moja, kuku wa jirani. Bi Mfumo akawa anaandika tarehe pembeni. Vibarua. Turubai. Halafu ukuta wa sebule. Halafu ukoo wenye midomo mizito. Sikujua mahali pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye kompyuta, ile niliyoichukia, nikatamani iseme ti, ti, ti.

Alipomaliza, shemeji ndiye aliyezungumza kwanza. Hakuwa na hasira.

"Ni chokaa, shemeji."

"Nini?"

"Ukutani. Chokaa. Ungeuliza ningekuambia. Hata ndoo iliyobaki ningekupa."

Tulikwenda chumba cha marejesho sote wanne. Bi Mfumo alihesabu, si kwa karatasi, kwa kidole. Mia moja hamsini na tisa, na mmoja uliopasuka. Mkurugenzi akamwambia shemeji arudi kazini leo hii. Mimi akanirudishia barua yangu ya ukurasa mmoja, akasema onyo langu litafuata. Daftari hakulirudisha. Limekuwa kiambatisho.

"Na paa?" nikasema. Siwezi kujizuia, ndivyo nilivyoumbwa.

"Fundi atakuja," akasema, "mvua zikikatika."

Naandika haya nyuma ya karatasi ya kuhesabia. Mke wangu ameniwekea chakula, akaketi. Hajasema kitu bado, lakini ameketi.

Jumamosi, 3 Mei

Jua. Bi Mfumo ameongeza mstari mtupu chini ya kila karatasi ya hesabu: "Kingine ulichokiona." Amekuja na viatu vya ngozi vyenye soli nene. Nikavitazama, naye akasema, "Andika tu, baba."

Jumanne, 6 Mei

Mvua, saa nane, C. Nikapiga mluzi.

Shemeji alikuja na foklifti, uma ukasimama nusu hatua kutoka kwenye paleti. Akazima injini. Akakunja mikono.

"Shemeji, maji!" nikapiga kelele. "Peleka D!"

"Andika kwanza."

"Tutaandika baadaye, mifuko inalowa!"

"Inalowa," akakubali. Maji yalikuwa yanamdondokea begani, hakusogea. "Kutoka wapi, kwenda wapi, saa ngapi, nani kasema. Kisha weka sahihi."

Wapakiaji walikuwa wanatutazama. Hakuna aliyecheka. Nikatoa kalamu, nikainamia karatasi kuikinga na matone kwa mgongo wangu, nikaandika: C, D, saa nane na dakika tano, nimesema mimi. Mifuko mitatu ililowa nikiwa bado kwenye sahihi.

Nikampa. Akaisoma yote, taratibu, hadi mwisho. Akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, akaufunga kwa kifungo. Ndipo akawasha injini.